Magugu ya Korongo la Joash

Jumatatu, 3 Machi 2025. Sindo.
Dunia imepinduka! Baba alipotugawia ardhi, mwaka wake wa mwisho, nilipata shamba jeusi linalostawisha mahindi. Kaka yangu Joash akapata korongo la jasi, jeupe kama chaki, hata mbuzi hulikwepa. Nimemcheka miaka tisa. Leo Daktari Emmah wa chuo kikuu amelikodi miaka mitano kwa sababu ya magugu! Anasema yanaota kwenye jasi tu, kila moja na mahali pake: marefu ukingoni, mafupi katikati, yamejikunja kama kuku anayeatamia. Joash anavaa kofia ya mradi hadi kanisani. Basi nitalihamishia korongo kwangu. Mke wangu Dorah amenikumbusha kwamba tunakula kutoka shamba letu hilo hilo jeusi. Dorah hana maono.

Jumatano, 5 Machi
Joash kaenda Ndhiwa. Nimebeba magunia kumi na mawili ya jasi kwa wilbaro, na magugu sitini. Mgongo umekufa. Daktari alionya tusikanyage ovyo: udongo ule una ganda jembamba, na unyayo hubaki humo miaka mingi. Kweli. Katikati ya korongo nimeona nyayo za akala, viatu vya tairi, kisigino cha kushoto kimeburuzwa. Za marehemu Baba. Zinaingia, hazitoki. Niliogopa. Kisha nikang'oa gugu lililokuwa kando yake, maana lilikuwa zuri kuliko yote.

Ijumaa, 7 Machi
Mama alikuja, akasimama langoni, akakataa chai. Akauliza kwa upole kama nimepanda kabla ya kaka yangu mkubwa kupanda. Nikajibu kwamba magugu si mbegu. Akauliza, basi kitu kilichochimbiwa shimo na kumwagiwa maji kinaitwaje? Akasema mdogo akimtangulia mkubwa anajiitia chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira haibishani na mtu. Nikamwambia hii ni sayansi. Akaondoka kinyumenyume, bila kuligeuzia shamba mgongo. Sikupenda kabisa.

Jumanne, 11 Machi
Nilipanda kwa kamba, mistari sita iliyonyooka. Asubuhi hakuna mistari! Marefu yako ukingoni, mafupi katikati, kama kule korongoni. Nikaenda kumfokea Joash. Akaapa kwa jina la Baba kwamba hajagusa kitu, akaniuliza kama ninalala vizuri. Nikarudi kutafuta nyayo zake. Ganda jeupe limefunika shamba lote, hata ambako sikumwaga jasi. Hakuna nyayo zake. Zangu za jana pia hazipo. Hakuna siafu, hakuna hata nzi. Ndege wanafika kwenye ua, wanazunguka.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua! Joash amepanda katika shamba la Mama, kijiji kizima kikamfuata. Nami nikapanda mahindi baada yao, lakini yameshaoza ardhini kabla ya kuchipua. Daktari Emmah amekuja na futi yake ya kupimia. Nilitarajia pongezi. Alipima mara tatu, akasema ganda na mpangilio kama huu vingehitaji miaka ishirini. Kisha akauliza nani hapa huvaa akala. Nyayo zimetoka langoni mpaka mlangoni kwangu, kisigino kikiburuzwa. Nikasema ni zangu. Akatazama ndara zangu, akaingia kwenye gari bila kuaga. Amenitumia ujumbe kwamba mradi hautakodi shamba langu, na kwamba watoto wasicheze hapo. Dorah amewachukua kwenda kwao. Aliniita Baba Cate, akasema ataniombea. Nimelia kidogo, peke yangu.

Jumapili, 16 Machi
Unyayo mmoja sasa uko ndani ya nyumba. Nimeufagia. Nilipogeuka, ulikuwa umerudi, na mwingine mbele yake. Nikakimbia hadi kwa Joash. Mama alikuwepo. Joash hakunicheka, na hilo lilinitisha zaidi. Alikuwa ameandaa kikombe cha manyasi, dawa ya chira. Akasema ninywe, niombe msamaha, huenda udongo ukarudi na Dorah akarudi. Nikapokea kikombe. Nikakifikisha mdomoni. Ndipo kupitia dirisha nikaona shamba la Mama, jeusi, pana, karibu zaidi na barabara. Daktari angeliona bila hata kushuka garini! Nikakiweka kikombe chini taratibu, nikamwomba Joash aniazime punda wa kubebea jasi.