Maadui wa Kitovu Changu

Jumatatu, 3 Machi

Kitovu kimetobolewa! Kipini kinang'aa. Bosi anataka picha ya kubandika mlangoni mwa duka letu la ushonaji: msichana mmoja, blauzi fupi, tumbo wazi. Mapozi, yule wa cherehani ya dirishani, anajiona ameshachaguliwa. Atajua hajui.

Shida ni Mama. Akikiona atanitoa roho. Nimejishonea mkanda wa bitana, ile ya nailoni, unabana tumbo barabara. Nitauvua nikioga tu.

Jumatano, 5 Machi

Mapozi kanifuata stoo. Eti ameniona ninavyoinama kama bibi kizee. Eti nikioshe kitovu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nisikichezee, nisivae kinachobana, na kupona ni suala la miezi. Miezi! Picha ni wiki ijayo. Tangu lini huyu akanipenda? Mkasi mzuri ananifichia kila siku. Nikamshukuru meno yote nje, kisha nikafanya kinyume. Spiriti. Nilipiga yowe mpaka Mama akagonga mlango. Nikamwambia nimeona mende.

Ijumaa, 7 Machi

Kitovu chekundu, cha moto, kinatoa majimaji yanayonuka. Mkanda umegandana nacho. Nani hukaa karibu na bitana yangu? Mapozi! Kapaka kitu, hakuna mwingine. Nimeshona mkanda mpya, bitana ileile, ila nimeilinda kwa macho yangu.

Halafu bafuni nimekuta bakuli la maji ya chumvi. Mama kaliweka. Wameshaongea hawa, yeye na Mapozi?

Jumatatu, 10 Machi

Homa. Zahanati. Nikamwambia nesi nakitoa kipini mwenyewe sasa hivi. Akanikemea: tundu lingeziba, usaha ubaki ndani. Akauliza mkanda ni wa nini. Nikajibu ni siri ya kazi. Akasema nailoni inafungia jasho na kusugua kidonda mchana kutwa, niutupe. Daktari kaniandikia dawa.

Nesi ana mwanya kama wa Mapozi. Ndugu hao! Wanataka niuvue ili Mama aone. Sivui ng'o.

Alhamisi, 13 Machi

Ngozi imekuwa nyembamba, kipini kinakaribia kutoka chenyewe. Daktari amekitoa. Kwaheri picha! Nimelia mbele za watu.

Nje, kwenye benchi, nani? Mama. Kumbe alijua tangu siku ile ya mende, spiriti ilinuka nyumba nzima. Akasema kipini hakikumtisha hata kidogo, alichoogopa ni mwanawe kuoza kimyakimya kwa kumkwepa yeye. Nikaona aibu. Nikaukabidhi mkanda.

Jumamosi, 15 Machi

Picha imepigwa. Mapozi, bila shaka. Alipopandisha blauzi, kitovuni kovu kubwa! Bosi akaguna, akamvisha blauzi ndefu. Mapozi akaninong'oneza kwamba naye alitoboa zamani, akabana, kikaoza, ndiyo maana alinionya.

Nimelitafakari jambo hili njia nzima. Mtu mwema huonyesha kovu lake mapema. Huyu kalificha mpaka nimeharibikiwa! Hanidanganyi tena.

Bosi kasema picha ijayo ni ya vilemba. Uso tu. Nimeshaongea na yule aliyenitoboa: Jumatatu ananiweka kipini kwenye nyusi. Mapozi asijue. Mama naye hataona kitu, maana bitana imebaki kidogo, na hapa nilipo namalizia kilemba cha kubana.