Gego la Kulia

Jumatatu, 2 Juni
Gego limeninyima usingizi. Jumamosi ni Idi, na mbuzi hatafunwi kwa ufizi! Ambindwile, jirani yangu hapa Ibighi, kaja kuchukua suruali aliyoleta nimkunjie. Kasimama mbele ya cherehani yangu akimenya muwa kwa meno. Tulianza darasa la kwanza pamoja. Yake yote yapo. Mimi kumwonea wivu? Thubutu.

Jumanne, 3 Juni
Daktari wa meno kaniambia nirudi Alhamisi, huenda likazibika. Kauliza napiga mswaki mara ngapi. Mara mbili, nikajibu. Kwa wiki, sikutamka. Suad, mke wangu, kaninunulia mswaki na dawa.

Usiku maji ya baridi, ukungu hadi mlangoni. Nikalowesha mswaki, nikaurudisha. Ujanja wangu wa utotoni! Marehemu mama hakuhangaika kuukagua mswaki. Alisema tu, "Njoo nikunuse." Nilichukia kweli. Leo ningefurahi aninuse.

Jumatano, 4 Juni
Suad kaona dawa haijafunguliwa. Nikaikamua nusu nyuma ya nyumba, kupoteza ushahidi. Jogoo wa Ambindwile kaidonoa yote. Mwenyewe kaja kuuliza, mbele ya Suad, mbona jogoo wake ananukia mnanaa. Suad hajasema nami tangu hapo.

Alhamisi, 5 Juni
Alfajiri nimepiga mswaki wa mwaka mzima kwa mkupuo. Ufizi damu tupu. Daktari kasema tundu limefika kwenye mzizi. Kaling'oa! Mengine yatapona, kasema, nikisugua asubuhi na kabla ya kulala, na nipunguze sukari.

Nikaomba jino langu. Jioni nikalirusha juu ya paa, kama mama alivyotufundisha: chukua bovu, nipe zima. Likaviringika kwenye bati. Zamani angekuwa uani hapa, kaficha kicheko kwa kanga. Machozi yakanitoka, na ganzi ilishaisha.

Ambindwile alikuwa ananitazama. "Kwa umri wetu halirudi, ndugu yangu," kasema, taratibu.

Anajua nini yule!

Jumamosi, 7 Juni
Idi. Ambindwile kaja kula, kanikatia nyama vipande vidogo vidogo bila kuniuliza. Nimekula, nimeshushia chai ya sukari, vikombe vitatu.

Suad kauliza kama nimepiga mswaki. Nimeulowesha vizuri sana. Meno yamebaki mengi, na paa ni kubwa.