Manowari Niliyoipa Jina la Baba Mkwe

Leo nimemzamisha baba mkwe mbele ya watu. Tulieni, mzee yuko salama. Kilichozama ni meli yenye jina lake. (Afadhali ningezama mimi.)

Wengi wenu mnaujua ugonjwa wangu. Mimi na jamaa wachache wa huku Karagita huunda manowari ndogo za rimoti na kuzipiganisha kwenye bwawa la shamba. Mizinga yake inatumia gesi na kurusha gololi za chuma. Ubavu wa meli ni mbao nyembamba, makusudi, ili utoboke. Ukitobolewa unawasha pampu, inatema maji nje, vita vinaendelea. Anayezama ameshindwa, na lazima aingie majini kuiopoa maiti yake.

Sasa, mimi na Nafula tunataka kuoana. Baba yake, Mzee Wafula, amekataa kabisa kutupa siku ya kwenda kujitambulisha. Ati hawezi kumpa binti yake mtu anayecheza na maji. Nafula akamshawishi aje leo ajionee kazi ya mikono yangu. Mimi nikaona ninogeshe mambo. Jana jioni nikaichomoa pampu, nikailaza meli kitandani, nikaandika pande zote mbili kwa rangi nyeupe: MZEE WAFULA. Herufi zilitoka safi. Nikarudisha pampu haraka haraka, nikalala nikitabasamu.

Nafula alipoiona leo alishika kichwa.

"Umeandika jina ya baba kwa kitu ya kupigwa risasi?"

Hapo ndipo nilipolifikiria hilo. (Ndiyo, hapo ndipo.)

Mzee alifika na koti lake na mwavuli, akaketishwa nyuma ya wavu wa kuzuia gololi. Akalisoma jina. Akatabasamu kidogo. Nikajiona tayari ninakunywa chai sebuleni kwake.

Mpinzani wangu alikuwa Kiprono, fundi wa simu, mtu asiye na huruma. Gololi yake ya kwanza ilipita katikati ya jina. Tundu moja tu, tena dogo. Watazamaji wakaanza:

"Mzee Wafula anavuja! Kiprono, maliza huyo mzee!"

Mzee akaacha kutabasamu.

Sikuogopa. Nikawasha pampu. Meli ikainama. Nikaongeza nguvu. Ikainama zaidi. Kiprono hata aliacha kupiga, akawa anatazama tu.

"Kijana," Mzee akaniuliza kwa upole, "hiyo pampu inatoa maji ama inaweka?"

Ilikuwa inaweka. Jana, kwa haraka ya rangi, nilichanganya mipira ya pampu: wa kunyonya nikautoa nje, wa kutema nikauacha ndani. Nilikuwa ninamjaza mzee maji kwa bidii yangu mwenyewe. Akashuka polepole, jina likisomeka mpaka dakika ya mwisho. Watu wakapiga makofi.

Kanuni ni kanuni. Kwa kawaida tunavua suruali kabla ya kuingia. Lakini kwetu huwezi kubaki na chupi mbele ya baba mkwe, hata kama yeye bado hajakubali kuwa baba mkwe. Nikaingia na suti. (Ni ya binamu yangu. Bado hajui.) Nikaiopoa meli, nikaikumbatia, nikageuka nitoke. Miguu ikakataa. Tope la bwawa lile halina adabu. Nikasimama hapo, maji kiunoni, Mzee Wafula mdogo akinichuruzikia kifuani, Mzee Wafula mkubwa akinitazama kutoka ukingoni.

Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashikana. Yeye hakucheka. Aliteremka taratibu, akaninyooshea mpini wa mwavuli, akanivuta. Nilitoka na kiatu kimoja.

"Pole, mzee," nikasema, macho chini. Nilijua harusi imeishia pale pale kwenye tope.

Alikung'uta tope kwenye mwavuli wake.

"Mtu mwenye anaingia kwa maji na suti juu ya kuniheshimu, huyo naeza kaa chini na yeye," akasema. "Kuja Jumamosi na wazee wenu."

Nafula akafunika uso. Mzee akaanza kuondoka, kisha akageuka.

"Lakini hiyo meli, ukiirudisha kwa maji, andika jina ya baba yako."

Basi msinicheke. Na baba, najua uko kwenye hii grupu na unasoma kimya kimya: rangi nyeupe imebaki.