Tawi Jekundu Juu ya Mlango

Jumamosi, 24 Oktoba

Mvua. Nuala amerudi!

Nimeambiwa dukani, nikaangusha mayai. Dada yangu Dympna anasema uso uliniiva mwekundu hadi masikioni. Mwongo. Labda sikio moja.

Nuala amekaa Boston tangu tukiwa vijana. Mumewe alifariki, mama yake naye kafariki mwaka huu, na sasa amekuja kuifunga nyumba ya mama. Ndege yake ni Jumanne, tarehe tatu. Baada ya hapo harudi tena. Mara ya kwanza, siku anaondoka, nilimkosa kwa sababu basi lake liliondoka mapema na mimi bado nachana nywele. Safari hii nywele hazipo. Hakuna cha kunichelewesha.

Kuna zaidi. Parokia imeandaa shindano la kupamba nyumba kwa Halowini, mkesha wa Watakatifu Wote, na jaji ni yeye! Masharti: hakuna plastiki, hakuna cha dukani. Kila pambo litoke shambani, uani au kichakani. Na jaji ataingia kila nyumba, akae jikoni, anywe chai.

Nuala jikoni kwangu. Sihitaji kushinda. Nahitaji hiyo chai tu. Ila nikishinda sitakataa.

Jumapili, 25 Oktoba

Baada ya misa Packie Mulvey kawatangazia watu wote kwamba atashinda. Packie ni jirani yangu, mgane, ana meno yake yote na anapenda yaonekane. Amelima tanipu kubwa kama vichwa vya ndama. Bila tanipu za kuchonga sura na kuwekea mshumaa ndani, huna taa za Halowini. Maboga ni mambo ya hukohuko Boston.

Zangu zimeliwa na kondoo. Waliingia kwa lile lango ambalo nimepanga kulitengeneza tangu Pasaka. Zimebaki nne, za ukubwa wa ngumi.

Nimemeza mate machungu, nikamwomba Packie moja. Akasema, jirani yangu, ningekupa kwa moyo mweupe, ila zote zina kazi. Meno yote nje.

Jumanne, 27 Oktoba

Nimechonga tanipu kutwa. Ngumu! Kijiko kimepinda, nimejikata kidole gumba. Dympna kaiangalia taa ya kwanza akasema ni marehemu mjomba wetu kabisa, vile alivyolala kwenye jeneza. Nimemwambia sanaa haimfai kila mtu.

Mpango wa pili: mkate wa zabibu. Kila nyumba huoka wake, na ndani hufichwa pete. Atakayeikuta kwenye kipande chake atafunga ndoa kabla mwaka haujaisha. Hilo halina ubishi hapa kwetu. Basi nimempa Dympna pete ya mama aioke humo, na nikamwomba abandike zabibu moja nene juu, palepale pete ilipo. Akauliza ya nini. Nikasema ni urembo tu.

Alinitazama kwa muda mrefu, vile mama alivyokuwa akinitazama. Halafu akasema, "Mwanaume mzima wewe!" Lakini pete aliichukua.

Jumatano, 28 Oktoba

Dympna amezungumza na Nuala. Kamuuliza huko Boston alikuwa anakumbuka nini cha nyumbani. Si chakula. Si watu (hii imeniuma). Alisema ni wekundu. Ule wekundu wa matunda kwenye vichaka mwezi wa Oktoba. Eti alikuwa anauota, anaamka analia.

Nimetoka mbio na kikapu. Vichaka vyote vimenyolewa! Packie kapita na trela tangu asubuhi, hakubakisha hata tunda moja kutoka kanisani hadi ziwani.

Umebaki mti mmoja tu. Ule mti wa miiba ulio peke yake katikati ya shamba langu la juu. Umejaa, mwekundu hadi chini. Hakuna aliyeupanda. Babu alilima akauzunguka, baba akauzunguka, na mimi nauzunguka. Ni mti wa Wenyewe, wale wasioonekana; anayeukata mkosi humfuata hadi nyumbani, na Wenyewe hawatajwi jua likishazama, kwa hiyo naishia hapa.

Ila mimi ni mtu wa kisasa. Nina birika la umeme.

Alhamisi, 29 Oktoba

Nimekata. Tawi moja tu! Kwanza nilivua kofia. Nikaueleza mti kwamba naazima.

Hakuna kilichotokea. Birika limekufa niliporudi, lakini lilikuwa la zamani. Ng'ombe kapiga teke ndoo ya maziwa, lakini ndiyo tabia yake. Paa linavuja juu ya mto wangu wa kulalia, na hiyo ni mvua, mvua hainyeshi kwa sababu yangu.

Ijumaa, 30 Oktoba

Mlango umekamilika. Tawi juu ya kizingiti, majani ya kangaga pembeni, kuvumwani laini ya maweni chini, mabua ya shayiri yamesukwa kuzunguka fremu, tanipu nne dirishani. Nilisimama barabarani nikautazama. Nyumba hii haijawahi kumngoja mtu namna hii. Mimi ndiye nimekuwa nikingoja, tena kimyakimya, nikijifanya nafuga kondoo.

Dympna kaja na mkate. Kafika getini, kasimama. Akauliza hilo tawi limetoka wapi. Nikasema, huko juu. Akauliza juu wapi. Nikasema, juu kwa ujumla. Akafanya ishara ya msalaba, akautupa mkate uani kupitia juu ya ukuta na kuondoka! Mkate umeanguka kifudifudi. Zabibu nene haionekani. Namshuku kuku.

Mtu wa posta naye ameacha barua ukutani, chini ya jiwe.

Nimeanza kuingia na kutoka kwa dirisha la jikoni. Si kwamba naogopa kupita chini ya tawi. Ni karibu zaidi na banda la kuku.

Nilifikiri kulishusha. Lakini nikilishusha, wekundu uko wapi? Zitabaki tanipu nne, na zimeanza kusinyaa. Sasa mjomba anaonekana mgonjwa zaidi. Tena Nuala amekaa miaka yote hiyo kwenye mji wenye treni za chini ya ardhi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuamini mambo ya miti. Libaki hapo hapo.

Jumamosi, 31 Oktoba. Mkesha wa Watakatifu Wote

Watoto waliovaa vinyago, wale wanaoomba peremende nyumba hadi nyumba, wamepita upande wa pili wa barabara. Wote! Peremende zangu ziko vilevile.

Nuala kaja jua linazama. Mvi, koti la kijani, mwendo uleule. Alipouona mlango alifunika mdomo kwa mikono miwili. Akasema hajaona kitu kizuri hivi tangu aondoke. Machozi yalimlenga. Mimi pia, ila yangu yalikuwa ya baridi.

Akashika geti. Halafu akauliza polepole, "Fintan, si la ule mti wa juu, hili?"

Ningesema uongo. Nilikuwa nimeuandaa. Lakini alikuwa ananitazama machoni, nikasema ndilo.

Aliondoa mkono kwenye geti. Boston yote ilimtoka pale pale.

Nikamwambia kuna dirisha la jikoni, mimi mwenyewe nalitumia. Akalitazama dirisha, akaitazama sketi yake, akacheka hadi akashikilia ukuta. Nilikuwa nimekisahau kicheko hicho. Hapana, sikukisahau. Lakini kuingia, kakataa katakata.

Basi nikapitisha chai dirishani, tukainywa tumekaa juu ya ukuta wa ua, mvua inanyesha kikombeni. Nikakata mkate kwa kukisia. Wakati huohuo Packie akatokea, eti anapita tu. Akachukua kipande bila kukaribishwa. Kacha! Pete ya mama. Na nusu ya jino lake moja.

Nuala akampongeza, akamuuliza bibi harusi ni nani. Packie akaivaa kwenye kidole kidogo ili aringe, na sasa haitoki. Amesema atanirudishia kidole kikikonda. Na bata bukini, zawadi ya mshindi wa shindano, kapewa yeye pia.

Jumapili, 1 Novemba

Nuala kanisubiri nje ya kanisa. Kaniambia, "Twende tulirudishe, wewe bwege." Ameniita bwege! Mwanamke hamwiti hivyo mtu asiyemjali.

Tumepanda hadi shamba la juu. Nikalifunga tawi kwa kamba palepale nilipolikata, naye akaniombea msamaha kwa mti, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwombea mlevi wake kwa majirani. Wakati wa kushuka utelezi ulikuwa mkali, akanishika mkono. Niliomba kilima kirefuke.

Mlangoni akagoma tena. Anasema kizingiti hakijatulia mpaka Padre akinyunyizie maji ya baraka, na Padre ameondoka mara baada ya misa kwenda mazishini kwa ndugu zake hadi Ijumaa. Nikasema, na ndege yako ni Jumanne. Akasema ataisogeza. Haondoki, kasema, mpaka anywe chai jikoni humu kwa marehemu mama yangu, maana ndipo mahali pa mwisho alipokunywa chai kabla ya lile basi.

Anaisogeza ndege! Kwa ajili ya chai yangu!

Ijumaa, 6 Novemba

Wiki nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Kila jioni anapita, tunakaa ukutani, ananieleza habari za Boston, namweleza za kondoo. Jana mvua ilituloanisha wote wawili na hakuna aliyesema twende.

Leo katuma salamu. Padre amerudi, kesho atabariki mlango, kisha chai, kisha Jumatatu ndege.

Nimekaa jikoni nikiangalia kikombe nilichomwandalia. Kile kizuri, cha mama. Hii chai nimeitamani tangu nikiwa na nywele, na sasa sijui niiombee ifike au isifike. Akishainywa, ataondoka.

Lakini asipoingia, haondoki. Kasema mwenyewe.

Nimepanda hadi shamba la juu kabla jua halijazama. Nimevua kofia. Nimechukua kijitawi kidogo sana, matunda matatu tu, nikakichomeka juu ya kizingiti, nyuma ya mabua. Hakionekani kabisa, isipokuwa kwa mtu mwenye macho makali aliyesimama getini. Nuala ana macho makali.

Nimeingia ndani kwa dirisha. Nina hakika safari hii mambo yataninyookea.