Neno Lililolelewa na Wezi

Kibiti, Rufiji
14 Juni 1993

Ndugu Mhariri,

Huna adabu. Nakusalimu, lakini huna adabu, na nakwambia kwa mwandiko wangu mwenyewe nilioupata kwenye kisomo cha watu wazima.

Gazeti lako limeandika "Jihadharini na bidhaa feki." Tangu lifike hapa watu wameacha mashamba, wanakwaruza vitu. Jirani yangu Twalibu kakwaruza redio yake mpaka haisemi tena. Hayo yake. Langu ni hili: mjukuu wangu Nurdini kamposa Muzdalifa wa Bungu. Nikapeleka mwenyewe hereni za dhahabu, nikasema ndizo alizonivisha marehemu mume wangu, Sadala. Somo wa binti, kungwi wake Mwamvua, akazisugua kwa ndimu mbele ya wanawake wote. Akasema, "Bibi, hizi feki." Akazirudisha kwenye sinia. Harusi imesimama, na Nurdini hali chakula.

Kwa hiyo nalalamika:

1. Neno hili halina kwao. Nilikwenda kwa Mwalimu Huseni, akafungua kamusi kubwa ya Kiingereza. Maana yake kitu cha kudanganyia macho. Nikamuuliza, limezaliwa na nani? Akasema lilianza kusikika kwa wezi wa London, zamani. Kabla ya hapo Waingereza wenyewe hawana hakika. Sisi mtu akija kuposa tunamuuliza ukoo wake mpaka anatoka jasho. Neno limepita hivihivi.

2. Aliyelelewa na wezi hawi shahidi wa ndoa. Muulize sheikh yeyote. Sasa neno la wezi linasimamishaje ndoa ya Waislamu?

3. Tulikuwa na bandia, tulikuwa na ghushi, maneno ya nyumbani, yana haya. Ukiambiwa kitu chako bandia, unavutwa pembeni. Hili limekuja na malori, tangu kila mtu aruhusiwe kuleta kila kitu, pamoja na betri za siku mbili na kanga zinazochuja zote kwenye beseni. Mali na tusi lake vimepanda lori moja.

4. Leo hereni. Kesho watasema mume wangu alikuwa feki, na yeye kaburini hawezi kujibu.

Naomba serikali ilirudishe neno hili kwa Waingereza, kwa meli, na wao watie sahihi kwamba wamelipokea. Na Mwamvua aombe radhi gazetini, ukurasa wa mbele.

Wasalimie mkeo, wachapaji, na anayekupikia chai. Mwamvua akisoma, naye salamu, lakini kidogo.

Ni mimi niliyeudhika,
Bi Subira binti Ally

N.B. Hereni za Sadala ninazo masikioni. Miaka arobaini na mbili hazijatoka. Siku ile nilishika kuzivua, mkono ukakataa. Zile za sinia nilinunua Bungu, kwa mchuuzi wa mezani. Jana nimezisugua ndimu mwenyewe. Feki. Ijumaa navua hizi za Sadala, Nurdini azipeleke, aoe. Wewe chapa ya juu. Hii ya chini ikate kwa mkasi, uichome.