Mashtaka Juu ya Bi Mwanapili, Asiye na Wasiwasi

Makangale, Pemba
Mfungo Mosi, 1938

Kwa Bwana Mkaguzi wa Skuli,

Baada ya salamu na heshima nyingi, mimi Mwalimu Ngwali Jecha, wa skuli ya hapa, nakuletea mashtaka juu ya jirani yangu Bi Mwanapili, mwalimu wa chuo cha Kurani. Bibi huyu anasomesha bila wasiwasi hata chembe, nami nimebeba wasiwasi wa watu wawili. Nasikia utakuja kutukagua karafuu zikimalizika, na nikionekana sifai, kazi itaniponyoka. Ndiyo maana nasema mapema.

1. Anakaa mkekani, mkononi ukili anaousuka wa mkeka mwingine, anaanza kusomesha. Hajitayarishi. Mimi tangu masika nachora ramani ya Pemba ubaoni. Kila nikifika kisiwa kidogo cha Kojani naona pwani imekwenda kombo, nafuta yote naanza upya. Juzi nilimuuliza mwanafunzi wangu Soud Pemba iko wapi, akajibu, "Mwalimu kaifuta."

2. Akikosea husema amekosea, hucheka, husonga mbele, na watoto wanazidi kumheshimu. Mimi nilipokosea saba mara nane, niliubeba ubao kichwani nikaenda kuuficha chini ya kitanda. Mke wangu Mize alifagia akiuzunguka tu, na hilo lilinitia homa.

3. Alinipita nikifuta, akasema mbele ya darasa kwamba mwenye wasiwasi hutawadha mpaka kisima kikauke, na sala ikampita. Watoto walicheka. Nami nilicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo naomba Bi Mwanapili alazimishwe kuwa na wasiwasi. Nitamfundisha mwenyewe, bila malipo, kila alasiri. Hilo likishindikana, ukaguzi uahirishwe mpaka ramani ikamilike. Na hilo nalo likishindikana, nitoe darasani unipe kazi ya kufuta mbao. Hapo sina mpinzani Pemba nzima.

Nisalimie wote ofisini, pamoja na tarishi aliyeniuliza mwaka jana kwa nini natetemeka.

Mimi mtiifu wako,
Ngwali Jecha

Nyongeza: Nilipokuwa nyumbani nikiinakili upya barua hii kwa sababu ya doa la wino, Bi Mwanapili aliingia darasani kwangu na ukili wake, akawaambia watoto waichore Pemba wenyewe, kwa makaa, ukutani. Imepinda kama muhogo. Soud, ambaye mama yake ni mtu wa Kojani, kaichora Kojani kubwa kuliko Chake Chake. Lakini kila mtoto ananionesha pale ukutani kwao ni wapi, bila kusita. Nilishika kitambaa nifute, mkono ukakataa. Njoo hata kesho, Bwana. Nakala mpya nimeiacha; barua hii ni ile ile yenye doa.