Kitanda cha Sittina Kimefungwa kwenye Mnara

Patsy, juu ya Mutsamudu
Jumamosi, 14 Februari 1981

Kwa Bwana Moindjié,
Mkuu wa Minara ya Redio, Moroni

Shemeji yangu mheshimiwa,

Nakusalimu na kukuombea afya. Nakuandikia kwa Kiswahili cha Unguja tulichokulia sote wawili, kwa sababu wale wazungu wa kukodiwa wenye bunduki hufungua barua, na Kifaransa wanakijua.

Mnara wako umesimama hatua nane nyuma ya nyumba ya Sittina, binti yangu na marehemu kaka yako. Fundi wako Idarousse alinieleza kwamba vyuma vyote vilivyo karibu na mnara lazima viungwe kwa waya wa shaba na kushushwa ardhini pamoja, ili radi ikipiga ishuke kwa amani, isiruke kutoka chuma hiki kwenda kile. Maneno yake yalikuwa matamu. Aliyoyafanya ni haya:

1. Alifunga waya kwenye mabati ya paa bila kubisha hodi.

2. Alifunga pipa la maji, dirisha la chuma na mbuzi. Mbuzi alimfungua nilipomwonyesha kwamba mnyororo ndio wa chuma, mbuzi siye.

3. Alichimba shimo la waya pale ninapofulia, eti ndipo penye unyevu. Akaniachia amri kwamba ardhi isikauke kamwe, nimwagie maji, chumvi na mkaa. Shemeji, nimelea watoto sita, na hakuna hata mmoja aliyenisumbua kwa chakula kama shimo hili.

4. Aliingia chumbani akafunga kitanda. Ni kile kitanda cha chuma ambacho marehemu alikibeba kichwani kutoka bandarini Mutsamudu, kwa ajili ya siku bwana harusi atakapoingia. Niliumia sana kukiona na kibanio mguuni kama mfungwa.

5. Hapa ndipo penye kiini. Harusi ni Ijumaa ijayo. Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke, nawe unajua, kwa hiyo nyumba ikikataliwa, harusi hakuna. Bwana harusi, Houmadi, ameikataa. Anasema kitanda kimeungwa na mnara, na mnara unazungumza na Moroni, basi kila atakalosema kitandani litasikika ofisini kwako, na labda kwa wazungu pia. Idarousse aliapa kwamba waya ule unashuka chini tu, haupandi. Houmadi akamjibu kwamba hata fundi mwenyewe huupanda mnara na kushuka, basi kinachoshuka hupanda pia. Mama yake, Bi Zoubeda, anapita nyumba hadi nyumba akisema hawezi kumpeleka mwanawe kwenye nyumba iliyofungwa kamba. Sittina halii mbele yangu, lakini mto wake naukuta umelowa.

6. Kama sheria ni vyuma vyote, je, dhahabu ya bibi harusi? Atakaa mbele ya wageni na waya shingoni mpaka kwenye shimo la pale ninapofulia? Na wale askari wawili wa kizungu wanaolinda mnara, ambao huegemeza bunduki kwenye ukuta wangu, wana kofia za chuma, mikanda ya chuma, na mmoja ana jino la chuma. Hawajafungwa hata uzi. Naomba kwa heshima Idarousse awafunge miguu yote minne, awashushe ardhini, nami nitawamwagia chumvi na maji kila asubuhi bila kuchoka. Kama hilo haliwezekani, basi sheria haipo, na kitanda changu kifunguliwe.

Nasubiri koleo la fundi wako kabla ya Ijumaa. Wasalimie watoto, jirani zako wa Itsandra, na kila anayeniulizia hapo Moroni, hata wasioniulizia.

Ni mimi shemeji yako, niliyestahimili vya kutosha,
Ramlati

Tanbihi. Nilikuwa nafunga bahasha, alasiri hii hii, radi ikapiga mnara. Sittina alikuwa amekaa kitandani anashona. Hakudhurika hata kidogo, alhamdulillahi. Shimo lilitoa mvuke tu. Kwa Bi Zoubeda, ambako hakuna waya, redio imeungua na kuku wawili wamekufa. Houmadi na mama yake wamekuja mbio, wakaingia bila dufu wala wasindikizaji, na bwana harusi yumo chini ya kitanda anakishika kibanio kwa mikono miwili. Nimemwita kadhi. Amesema mwanamume akiingia nyumba ya mchumba na mama yake mzazi akishuhudia, mambo ya ndoa yamalizwe leo leo. Yamemalizwa. Sittina anacheka, nami nalia, usiniulize kwa nini.

Askari nao wameingia. Bunduki wameziacha mvuani, na mwenye jino amefumba mdomo.

Kwa hiyo futa namba moja hadi sita, koleo libaki Moroni. Mtume Idarousse haraka na waya wa shaba mita arobaini, aufunge kwa Bi Zoubeda mpaka kwenye masufuria. Mama huyo hajakubali kuondoka hapa, na kitanda ni kimoja.